Kikombe Changu na Jirani Yangu

Kikombe kiko sebuleni kwangu, juu ya kabati la televisheni, mahali ambapo mgeni akiketi lazima akione. Nilikiweka hapo makusudi. Kimeandikwa "Bingwa" na chini yake jina langu kamili. Mgeni hukitazama, hukisogelea, wengine hukishika kabisa, halafu husema, "Hii si ndiyo ile race jirani yako alisimama?"

Mimi hujibu ndiyo. Mke wangu huingia na chai, na mazungumzo huhamia kwa jirani.

Tumeishi naye ukuta kwa ukuta hapa mtaa wa Free Area, Nakuru, miaka mingi kuliko niliyoishi na wazazi wangu. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Watoto humwita Mzee wa Pikipiki. Mke wangu humwita Jirani, kana kwamba upande ule mwingine wa nyumba yetu hakuishi mtu. Nami nimemwita Jirani kwa muda mrefu hata kuna siku mtu aliyeleta mzigo wake aliniuliza jina lake, nikasimama pale mlangoni nikilitafuta.

Alikuwa fundi wa nguo mjini, na siku za mapumziko alikuwa mshindani wangu. Sote wawili tuliendesha motokrosi, mbio za pikipiki za kwenye udongo, za kupanda vilima na kuruka matuta. Zilifanyika kwenye mashamba ya watu, leo upande wa Njoro, mwezi ujao Naivasha, mwingine kule chini ya mlima Longonot ambako udongo ni jivu tupu na ukianguka unakohoa wiki nzima. Mimi nilikuwa na gereji yangu kando ya barabara ya Nairobi. Kwa hiyo mtu mwenye gereji alikuwa anashindwa na mtu mwenye cherehani. Ninalisema mwenyewe kabla hamjalisema ninyi.

Hata jezi yangu ya mbio aliishona yeye. Alishonea nusu ya waendeshaji wa Nakuru, na hakuna aliyeshona vizuri zaidi. Alinipima mabega akiwa na pini mdomoni, akanizunguka polepole, akasema, "Baba Shiro, wewe umeumbwa kwa kusukuma." Jezi ilinikaa kama ngozi. Kila nilipompita mtu, mgongoni mwangu kulikuwa na kazi ya mikono yake.

Mimi niliendesha kwa nguvu. Sitajidharau. Nilikuwa na pumzi, na kamba ya kuanzia ikianguka ni wachache walionitangulia kwenye kona ya kwanza. Nikimfukuza mtu nilichelewesha breki mpaka watazamaji wanashika vichwa. Pikipiki yangu ilisikika kutoka shamba la pili. Nikimaliza mbio mikono ilikuwa imevimba, siwezi kufungua kofia mwenyewe, na mke wangu alikuwa akinifungulia kama mtoto.

Jirani alionekana kama hafanyi chochote. Huo ndio ulikuwa uchungu wenyewe. Alitia gia ya juu mapema, injini yake ikanguruma chini kwa chini, na mwili wake ukatulia huku pikipiki ikicheza chini yake. Hakuangalia gurudumu la mbele kama sisi wengine. Aliangalia mbali, kwenye kona ambayo hajaifikia. Alikuwa akiondoka wa saba au wa nane, ukamsahau, na mizunguko ikikaribia kuisha unasikia ule mngurumo nyuma ya sikio lako la kushoto. Alipenda kukaa nyuma ya mtu muda mrefu akimsoma. Halafu alimpita mahali ambapo mtu hakujua kuna nafasi, bila kumgusa, na akishampita alinyanyua kidole kimoja, kama mtu anayeomba radhi kwa kupita mbele ya waliokaa.

Kidole kile nimekiona mara nyingi.

Wa tatu wetu alikuwa Kiprono, kijana wa Naivasha aliyefanya kazi kwenye shamba la maua. Kiprono aliendesha hewani. Tuta ambalo sisi tulilipanda na kulishuka, yeye aliliruka lote, na tuta ambalo sisi tuliliruka, yeye aliliruka akiwa ameachia mkono mmoja. Watu walikuja kumwona yeye. Wasichana walikuja kumwona yeye. Akiwa na siku nzuri hakuna aliyemweza, na akiwa na siku mbaya alimalizia kwenye ua wa miba.

Mwaka ambao sisi watatu tulikaribiana sana kwa pointi, gereji yangu haikuwa na amani. Kibanda cha chai kilikuwa ukutani kwangu, mabati tu yalitutenga, na wateja walituchambua asubuhi hadi jioni.

"Baba Shiro ako na nguvu," mmoja akasema, "lakini Jirani ako na akili."

"Na Kiprono?"

"Kiprono ako na mama anamwombea."

Wakacheka. Mimi nilikuwa upande wa pili nikiosha mikono kwa petroli. Walijua niko hapo.

"Lakini mwaka huu mimi naona Baba Shiro," akasema mwingine, nikaacha kusugua mikono.

"Baba Shiro atachukua kama Jirani atamwachia."

Nilirudi kwenye injini niliyokuwa nimeifungua nikakaza boliti moja mpaka ikakatika.

Msidhani jirani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa vifaa. Angekupa chakula chake akalala njaa, lakini hakumwazima mtu bisibisi. Siku moja nilimwomba brashi ndogo ya kusafishia kabureta, yangu ilikuwa imepotea, na akanijibu juu ya ukuta kwa ule Kiswahili chake kinyoofu alichokulia nacho pale mjini, "Baba Shiro, kuku nitakuchinjia. Brashi hapana." Kesho yake akatuletea kuku kweli, amekwisha kukaangwa. Mke wangu aliona ni kichekesho kizuri sana. Mimi nilikula nikiwa nimenuna, na kuku alikuwa mtamu.

Kwenye drafti alikuwa mwizi. Ukigeuza macho kete yake imehamia, na ukimshika anaapa kwa uso mkavu kwamba imekuwa hapo tangu jana. Alipaka rangi masharubu na alikana. Alikuwa na kiburi cha shati: hata siku ya mbio alifika na shati limepigwa pasi, akalikunja vizuri kabla ya kuvaa jezi. Mwezi wa Ramadhani alishindana akiwa amefunga, bila kumtangazia mtu, na mimi niliyekuwa nimejaza tumbo ndizi na glukosi niliona kidole chake kikipita.

Na jambo la ajabu kuliko yote, aliogopa barabara. Mtu aliyekwenda kwa kasi ile kwenye udongo hakuwahi kupanda pikipiki kwenye lami. Pikipiki yake ya mbio ilibebwa na pikapu ya binamu yake, na yeye mwenyewe alitembea kwa miguu kwenda kazini mjini, kila siku, jua na mvua.

"Kule uwanjani kila mtu anajua anakwenda wapi," aliniambia nilipomcheka. "Huku barabarani, hata wenyewe hawajui."

Nilimcheka zaidi. Lakini mwaka huohuo mimi niligongwa na lori la mawe pale mzunguko wa barabara, nikavunjika mfupa wa bega, na aliyekuja hospitali wa kwanza, akiwa na jasho la kutembea, alikuwa yeye. Hakusema neno juu ya barabara. Ningefurahi kama angesema.

Kuna jambo moja ambalo bado linaniuma nikiligusa. Binti yangu Shiro alipotaka kujifunza pikipiki nilimnunulia ndogo, nikaipaka rangi mwenyewe, nikamtoa siku moja mpaka uwanja wa shule. Nilimwelekeza. Labda nilipaza sauti. Alirudi nyumbani amefura, akamwambia mama yake hataki tena.

Miezi kadhaa baadaye nilisikia pikipiki ndogo nyuma ya nyumba za mtaa wetu, kwenye kile kiwanja kitupu. Injini haikupiga kelele. Ilinguruma chini kwa chini, gia ya juu, inaingia kwenye kona bila haraka. Niliijua sauti ile na nikajiuliza jirani anafanya nini na pikipiki ya kitoto. Nilipofika niliona ni Shiro. Jirani alikuwa amekaa juu ya jiwe akiwa na kikombe cha kahawa, ananyoosha tu mkono kumwonyesha mahali pa kutazama.

Shiro aliniona akasimama. "Dad, umeona?"

"Nimeona."

"Jirani anasema nisiangalie tairi. Niangalie penye nataka kuenda."

"Ni sawa," nikamwambia. Nilimshukuru jirani, nikarudi gereji. Binti yangu alikuwa na macho yangu, mabega yangu na hasira zangu, lakini aliendesha kama mtu wa upande wa pili wa ukuta.

Sasa nitawaambia ya Longonot, maana ndiyo watu huuliza.

Zilikuwa mbio za mwisho za msimu. Pointi zilikuwa zimebanana kiasi kwamba yeyote kati yetu watatu angewatangulia wenzake siku hiyo, ubingwa ulikuwa wake. Tulifika asubuhi kukiwa na upepo. Vumbi lile la jivu lilikuwa limesimama kama moshi, na mlima uko nyuma yake unaonekana na kupotea. Jirani aliswali pembeni ya pikapu, akakunja shati lake, akaja kuniamkua.

"Tuombe tumalize wazima, Baba Shiro."

"Tumalize," nikasema. Sikuwa nikiomba hivyo. Nilikuwa nikiomba nione sura yake akiwa wa pili.

Niliondoka vizuri kuliko nilivyowahi kuondoka maishani. Niliishika kona ya kwanza, na vumbi likawa nyuma yangu badala ya kuwa machoni. Ukiwa mbele kwenye jivu la Longonot unaona njia safi, unaona anga, na wanaokufuata wanakula unachowaachia. Mizunguko ilikwenda. Mke wangu na Shiro walikuwa kwenye kamba wakinipungia kila nilipopita.

Ilipobaki mizunguko miwili nilisikia mngurumo. Sikio la kushoto, kama kawaida. Sikugeuka. Mwili wote uliniambia kidole kinakuja. Niliingia kona ya mawe, nikatoka, bado yuko. Nikaruka tuta refu, nikatua, bado yuko. Nilianza kuzungumza peke yangu ndani ya kofia. Nilisema si leo, si leo, si leo.

Halafu, mzunguko wa mwisho, tulipokwisha kuruka tuta refu, mngurumo ukapotea.

Nilidhani nimemchosha. Nitakuwa mkweli: furaha niliyoipata katika kipande kile cha mwisho cha njia sijaipata tena, hata siku ya harusi ya Shiro. Bendera ya manjano niliiona ikipepea mbali upande wa tuta refu, nyuma ya njia yangu, nikajua kuna aliyeanguka, lakini watu huanguka kila mbio. Nilivuka mstari nikiwa nimesimama juu ya pikipiki na mikono yote miwili hewani.

Hakuna aliyekuwa akinitazama. Watu wote walikuwa wamegeuka wanaangalia upande wa tuta, na wengine walikuwa wameanza kukimbia. Mtu wa bendera alinipepea huku shingo yake imegeukia nyuma.

Kiprono alikuwa ameruka tuta refu nyuma yetu kwa mwendo wa mtu anayetaka kutupata sote kwa mruko mmoja. Upepo ulimgeuza. Alitua vibaya, na pikipiki ikamwangukia, injini ya moto juu ya mguu na kofia imezama kwenye jivu. Jirani alikuwa mbele yake. Hajasema mpaka leo alijuaje, kama alisikia au aliona kivuli. Alichofanya ni kusimama, kugeuza pikipiki yake na kuilaza katikati ya njia, chini ya tuta, upande ambao wanaoruka wangeiona kabla ya kutua. Ile pikipiki aliyokuwa akinikataza kuigusa. Aliyekuja nyuma aliikwepa, wa pili aliikanyaga akavunja usukani wake. Lakini hakuna aliyetua juu ya Kiprono. Jirani alimwondolea chuma, akamtoa jivu mdomoni kwa vidole, akamshika kichwa na shingo, akakaa hivyo bila kusogea mpaka watu wa ambulensi wakafika. Walisema baadaye kwamba kichwa kile kingegeuzwa kidogo tu, Kiprono asingetembea tena. Leo anatembea, anachechemea kidogo, ana watoto.

Mimi nilifika pale nikikimbia na viatu vizito vya mbio. Jirani alikuwa amepiga magoti, uso wote wa kijivu, anamwambia Kiprono kwa sauti ya chini, "Nitazame mimi. Usiangalie mguu. Nitazame mimi."

Nilipewa kikombe jioni. Watu walipiga makofi, yale ya heshima. Aliyetoa zawadi alitoa hotuba, na hotuba ilikuwa juu ya jirani. Picha iliyozunguka kwenye simu za watu ilikuwa ya jirani na kichwa cha Kiprono mikononi mwake. Mimi nimo pia. Ukiikuza, nyuma kabisa, kuna viatu.

Sikufanya kosa lolote siku ile. Nimelipitia jambo hili mara nyingi na naweza kulisema mbele ya yeyote. Nilikuwa mbele, aliyeanguka alianguka nyuma yangu, nami nilishinda kihalali. Ndiyo maana wivu huu hauna dawa. Mwizi anaweza kurudisha alichoiba akapumzika. Mimi sina cha kurudisha. Kwa miaka yote nilitaka kuwa mbele ya jirani, na siku moja niliyokuwa mbele, kilichokuwa na maana kilitokea nyuma.

Yeye mwenyewe hakutaka kusifiwa. Mtu akianza, aliuliza habari za mvua. Kiprono alipokuja kumshukuru na mbuzi, alimrudisha na mbuzi wake, wakaishia kugombana mlangoni mpaka mke wangu akaingilia. Mwaka uliofuata hakushindana. Alisema pikipiki imeharibika. Mimi, mwenye gereji, nilijitolea kuitengeneza bure. Akakataa. Nilishindana bila yeye, na kila nilipoongoza nilijikuta nikisikiliza sikio la kushoto. Nikaacha nami.

Mwezi uliopita, Jumapili mchana, alikuja kwangu kuangalia mbio za dunia. Televisheni yake imekufa, na ubahili wake haumruhusu kununua nyingine. Amezeeka. Masharubu sasa ni meupe, ameacha kuyapaka. Mkono wake wa kushoto, ule wa klachi, unatetemeka, kwa hiyo mke wangu humjazia kikombe nusu.

Ubingwa wa dunia ulikuwa umebaki kwa waendeshaji wawili. Mmoja ni wa nguvu, anaingia kona kama anataka kuivunja. Mwingine ni mtulivu, huwezi kujua kama ana haraka. Tulibishana tangu wanajipanga.

"Wa mbele atachukua," nikasema. "Ona anavyotoka kwenye kona. Nani atamshika?"

"Anatoka vizuri," akasema. "Lakini tazama anavyoingia. Tangu aongoze ameanza kuogopa."

Nilitazama. Sikuona woga wowote. Niliona mtu mwenye mabega anayeongoza. Mke wangu alikuwa jikoni, sebuleni tulikuwa sisi wawili tu, na swali nililolikalia miaka yote likatoka lenyewe.

"Jirani. Siku ile ya Longonot. Kama Kiprono hangeanguka, ungenipita?"

Hakuondoa macho kwenye televisheni.

"Ningekupita."

"Wapi?"

"Kona ya mwisho kabla ya mstari, upande wa ndani. Ukimfukuza mtu breki unaichelewesha, hakuna anayekuweza. Ukiwa mbele unaishika mapema. Miaka yote ulikuwa hivyo. Unalinda."

Alisema taratibu, kama mtu anayesoma vipimo vya suruali. Na mimi nilijua ni kweli, maana mkono wangu wa kulia, pale kwenye kiti, ulikuwa umekunja vidole kushika breki.

Wale wawili walizunguka, mmoja mbele, mmoja nyuma yake. Halafu akanigeukia, jambo ambalo hafanyi mbio zikiendelea.

"Na wewe, Baba Shiro. Ungekuwa wewe uko pale nyuma, ungesimama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa karibu, na ni neno jepesi, na nyumba ni yangu. Lakini alikuwa akinitazama vilevile alivyomtazama Kiprono.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole kukubali. "Hata mimi nilikuwa sijui," akasema, "mpaka nilipojiona nimesimama."

Akarudi kwenye televisheni, akaniomba niongeze sauti. Niliongeza. Sikutazama tena nani anaongoza. Nilimtazama yeye, mkono unatetemeka juu ya goti, shati limepigwa pasi, na nikamwonea wivu kuliko siku zote tulizoshindana, kwa sababu yeye alishajua.